Haki ya Kumnyima Mtoto Dawa

Je, ni halali kumnyima dawa mtoto anayehangaika kuvuta pumzi, ilhali dawa ipo kabatini? Swali hili halisikiki mara nyingi mimbarini wala madhabahuni, lakini hujibiwa kwa vitendo katika zahanati na vituo vya afya vinavyouzunguka Mlima Meru, kuanzia Oldonyo Sambu na Ngaramtoni hadi Tengeru, Usa River na Nkoaranga, na katika hospitali za Jiji la Arusha lenyewe. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu amelala na mafua kidogo. Usiku wa manane anaamka akikohoa kikohozi kikavu cha kubweka, sauti imemkauka, na kila anapovuta hewa koo linatoa mkwaruzo na ngozi ya chini ya mbavu inaingia ndani. Mzazi anayefika mlangoni na mtoto wa namna hiyo haombi maelezo, anaomba dawa, na dawa anayoijua ni antibaiotiki. Nadai kwamba kumnyima dawa hiyo ni halali, na mara nyingi ni wajibu, ila kwa sharti moja zito: anayenyima awe tayari kukaa na mtoto. Anayekataa kuandika dawa kisha akamrudisha mama barabarani ametenda dhulma, hata kama kitabu cha tiba kiko upande wake.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana hakuna hukumu ya haki juu ya jambo lisilojulikana. Vitabu vya tiba huuita krupu, na humpata zaidi mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 3. Unaletwa na virusi, hasa vya kundi la parainfluenza, vinavyovimbisha utando wa ndani ya zoloto na sehemu ya juu ya bomba la hewa. Kwa mtu mzima uvimbe huo ni mafua na sauti ya kukauka tu. Kwa mtoto, ambaye njia yake ya hewa ni nyembamba mno, uvimbe wa milimita moja unaweza kupunguza nafasi ya kupitisha pumzi kwa zaidi ya nusu. Amoksilini huua bakteria kwa kuharibu ukuta wao, na virusi havina ukuta huo, kwa hiyo dawa inapita mwilini bila kumgusa adui. Kinachosaidia ni deksamethazoni, dozi moja ya kunywa, ambayo majaribio ya miongo kadhaa yameonyesha kwamba hupunguza uvimbe ndani ya saa chache na hupunguza idadi ya watoto wanaolazimika kurudi hospitali. Aliyezidiwa sana huongezewa adrenalini ya kuvuta kwa mvuke, pamoja na oksijeni. Wengi hupona ndani ya siku mbili. Hapa ndipo watu wengi, wakiwemo wenye mafunzo, wanapoteleza: wanadhani ugonjwa ukiwa mkali basi lazima antibaiotiki iingie. Ukali wa krupu haubadilishi kisababishi chake. Krupu kali ya virusi bado ni ya virusi, na kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha kuwatibu watoto katika hospitali ndogo kinasema bila kuuma maneno kwamba antibaiotiki haziufai ugonjwa huo na zisitolewe.

Laiti jambo lingeishia hapo, pasingekuwa na swali la maadili. Lakini krupu ina ndugu zake wanaofanana nayo gizani. Kuna maambukizi ya bakteria ndani ya bomba la hewa, mara nyingi wa jamii ya stafilokokasi, ambayo huweza kuanza kama krupu ya kawaida kisha yakamgeuka mtoto kwa homa kali, usaha mzito na kunyong'onyea, na adrenalini haimpi nafuu. Kuna uvimbe wa kile kifuniko kidogo kinachoziba njia ya hewa tunapomeza, ambapo mtoto hukaa ameinama mbele, mate yakimtoka, hataki kulala wala kuguswa koo, na kumlazimisha afungue kinywa kunaweza kuifunga pumzi yake palepale. Na kuna dondakoo, lenye utando wa kijivu kooni na shingo iliyovimba, ambalo linahitaji antibaiotiki pamoja na dawa ya kuzima sumu ambayo bakteria wamekwisha kuimwaga mwilini. Kwa watoto hawa seftriaksoni au penisilini inayostahili haitakiwi kusubiri asubuhi. Ninaposema kwamba dawa itunzwe, simaanishi iwekwe kama dhahabu ya benki. Inatunzwa ili siku mtoto wa namna hii anapoletwa, itolewe bila kusitasita na ifanye kazi.

Sasa, katika bahari ya vikohozi, hawa wanaoihitaji ni wangapi? Utafiti mmoja mkubwa uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara na kuchapishwa mwaka 2014 uliwachunguza kwa kina watoto 1,005 waliofika kliniki wakiwa na homa. Zaidi ya sita kwa kila kumi walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na kati ya hao, waliothibitishwa kwa eksirei kuwa na nimonia walikuwa takriban watano kwa kila mia. Ukichukua magonjwa yote, karibu saba kwa kila kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi. Hao hawakuwa wagonjwa wa krupu pekee, na ukanda wa chini wa Ifakara si baridi ya Juni chini ya Meru, lakini funzo linasafiri: homa na kikohozi cha mtoto wa Kitanzania mara nyingi si kazi ya bakteria. Ushahidi wa pili una uzito zaidi kwa hoja yangu. Katika vituo 40 vya mikoa ya Mbeya na Morogoro, nusu ya vituo vilipewa programu ya kishikwambi inayomwongoza tabibu hatua kwa hatua, pamoja na kipima oksijeni cha kidoleni na vipimo vya haraka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Katika vituo vya kawaida watoto wagonjwa waliandikiwa antibaiotiki katika mahudhurio 70 kwa kila 100. Katika vituo vyenye programu ilikuwa 23. Watoto walifuatiliwa hadi siku ya saba, na wale wa kundi la pili hawakuonekana kuzidiwa kuliko wenzao. Nawaomba wasomaji wapime jambo hili taratibu, kwa sababu mara nyingi tunaambiwa kwamba kupunguza antibaiotiki katika nchi maskini ni kucheza na maisha ya watoto. Yalipunguzwa maandiko ya dawa kwa theluthi mbili, na watoto hawakudhurika. Lakini tazama pia kilichowekwa mahali pa dawa: mtoto alichunguzwa, oksijeni yake ikapimwa, na baadaye familia ikaulizwa hali.

Kwa nini basi tunaitoa dawa isiyofaa, na tunaipokea kwa shukrani? Sikubali kwamba sababu ni ujinga. Mbele ya mtoto anayekosa pumzi, kutofanya kitu kunafanana na kumtupa, na binadamu atafanya lolote kabla ya kukubali kufananishwa na aliyemtupa mwana. Ndivyo ilivyo desturi ya kukata kimeo, ambayo bado ipo sehemu nyingi za nchi yetu. Mtoto akikohoa kwa muda mrefu, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa hulaumiwa na kukatwa. Kikohozi hakitoki hapo. Kisu hakitibu, na wapo watoto waliofikishwa hospitali wakivuja damu au wakiwa na maambukizi ya jeraha. Hata hivyo wazazi waliowapeleka waliona wametimiza wajibu wao. Mwaka 2011 mkoa wetu ulishuhudia jambo lenye mizizi hiyohiyo, maelfu kwa maelfu walipopanda hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu wa Kilutheri Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Sibezi maumivu yaliyowapeleka wale watu, wala sala zao. Ninachokiona ni kwamba kikombe kilikuwa kimoja kwa maradhi yote na hakuna aliyehitaji kuchunguzwa kwanza. Tabibu anayemwandikia kila mtoto mwenye kikohozi dawa ileile ya maji, bila kuhesabu pumzi zake wala kusikiliza kifua, anatoa kikombe cha namna hiyo akiwa amevaa koti jeupe, na sijui kwa haki gani angewalaumu waliokwenda Loliondo.

Madhara ya kikombe hiki cha pili hayaonekani usiku uleule, na ndiyo sababu dhamiri zetu hazishtuki. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alionya katika hotuba yake ya Nobeli mwaka 1945 kwamba bakteria wakipewa dozi isiyowaua hujifunza kuistahimili, na kwamba mzembe mmoja anaweza kumwambukiza mwenzake bakteria wagumu na kuwa sababu ya kifo chake. Miaka 80 baadaye hatuhitaji tena mfano wa kubuni. Watoto waliolazwa Muhimbili mwaka 2001 na 2002 wakiwa na bakteria kwenye damu walichunguzwa na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Miongoni mwa wale walioshambuliwa na bakteria wa kundi liitwalo gramu hasi, karibu 44 kwa kila 100 walifariki, zaidi ya mara mbili ya vifo vya waliolazwa kwa malaria katika utafiti huohuo. Kilichobashiri kifo ni, pamoja na mengine, mtoto kupewa dawa ambayo bakteria wake walikuwa wamekwisha kuizoea. Watoto wale walipata tiba. Walitundikiwa dripu na kuchomwa sindano, wazazi wao wakapumua kidogo, lakini nguvu ya dawa ilikuwa imetumika kabla hawajafika, katika miili ya watu wengine na kwa magonjwa yasiyoihitaji. Wanaoishi kwenye miteremko ya Meru wanaielewa hali hii kuliko wengi, kwa kuwa Waarusha na Wameru wameishi kwa mifereji inayoshusha maji mlimani na kuyagawa kwa zamu. Anayefungulia maji nje ya zamu yake haibi kwa mtu anayemwona, ila shamba la chini linakauka. Dawa zinazoua bakteria ni mali ya namna hiyo, isipokuwa kwamba wa chini hana hata shamba tunaloweza kulinyooshea kidole. Kwa lugha ya dini zetu ni amana, kitu tulichokabidhiwa ambacho hatuna mamlaka ya kukimaliza.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito, linatoka kwa mzazi. Mtoto huyu ana jina, atasema, nami nimemzaa. Huyo wa kesho unayemtetea hana jina wala sura. Mungu atanihoji kuhusu huyu. Sithubutu kumjibu kwa hesabu, eti vifo kumi vya kesho vinazidi kimoja cha leo. Mzazi anayempenda mwanawe sawasawa na watoto wote wa dunia amepungukiwa na ubinadamu, na hakuna dini ninayoijua inayomtaka awe hivyo. Lakini tukibaki hapohapo kwenye upendeleo wake, bado dawa hii haimtetei mtoto wake. Bakteria sugu wanaozaliwa kwa antibaiotiki hukaa kwanza ndani ya mwili wa yule aliyezinywa, na uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kwamba usugu huo unaweza kudumu ndani yake hadi miezi 12. Kwa hiyo mtoto wa kesho anayeweza kukosa dawa ni huyuhuyu mwenye jina, akipata nimonia ya kweli kabla mwaka haujaisha. Tena dawa isiyofaa ina dhambi nyingine ambayo naiona kubwa kuliko usugu: inamtuma mama nyumbani akiwa ametulia wakati njia ya hewa inaendelea kuziba. Chupa ya dawa ya maji ndani ya mfuko wa kaki imekuwa njia ya heshima ya kumuaga mgonjwa. Akishaipokea, mazungumzo yamekwisha.

Hapo ndipo ninapoirudia ile habari ya Msamaria, inayosomwa katika makanisa yote ya Arusha, na ambayo nadhani tunaisoma nusu. Tunakumbuka alivyosimama, na alivyomimina mafuta na divai kwenye majeraha, yaani dawa aliyokuwa nayo. Tunapita haraka sehemu iliyobaki, ambayo ni ndefu zaidi: alimpandisha kwenye mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, akakesha naye, akamlipa mwenye nyumba, akaahidi kurudi na kulipa kitakachozidi. Dawa ilichukua dakika chache tu za rehema yake. Nyingi zilikwenda kwenye kukaa, kukabidhi na kurudi. Mtoto mwenye krupu anadai hasa sehemu hii ya pili. Anadai mtu wa kumtazama kila baada ya muda akiwa mapajani pa mama yake, bila kumliza, maana kilio humzidishia kubanwa. Anadai mtu wa kugundua saa tisa usiku kwamba homa imepanda na uso umebadilika, kwamba hii si krupu tena, na kwamba sasa antibaiotiki imekuwa haki yake. Kumnyima dawa saa saba na kumpa saa tisa ni kitendo kimoja kisichojipinga, mradi katikati yake pamekuwa na jicho.

Lakini jicho hilo liko wapi? Ndilo pingamizi la pili, na wanaolitoa ni matabibu wenyewe. Watasema kwamba mwandishi anazungumza kama aliye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru au katika wodi ya kituo cha tiba cha Kilutheri mjini, kwenye oksijeni na zamu za wauguzi. Aje kwenye zahanati ya kijijini yenye mhudumu mmoja, isiyo na kitanda cha kulaza mtoto wala gari, na bodaboda ikipatikana ni kwa bahati. Hapo, nani atathubutu kusema hiki ni virusi? Najibu kwamba wana haki, na kwamba hoja yangu inawalinda. Angalia miongozo miwili ya shirika lilelile la afya la dunia. Kitabu cha hospitali kinasema krupu ya virusi isipewe antibaiotiki. Mwongozo wa zahanati, ule wa kuwahudumia watoto wagonjwa kwa uwiano, unasema mtoto anayetoa mkwaruzo wa koo akiwa ametulia ahesabiwe kuwa mgonjwa mahututi, apewe dozi ya kwanza ya antibaiotiki na apelekwe hospitali haraka. Wapo wanaoliona hili kama mkanganyiko. Mimi naona busara ya kimaadili ambayo haikuandikwa kwa maneno ya maadili: haki ya kunyima inakua kadiri uwezo wa kutazama unavyokua. Asiyeweza kutofautisha na asiyeweza kukesha naye anatoa dozi moja na kumkabidhi mtoto kwa anayeweza. Mwenye vipimo na kitanda analazimika kujizuia. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu hushikilia kwamba jambo la yakini haliondolewi na shaka tupu, nami naongeza kwamba mtu asibaki kwenye shaka inayoweza kuondolewa kwa kuuliza au kuchunguza. Shaka ya tabibu wa kijijini ni udhuru. Ya tabibu aliyeacha kipima oksijeni kwenye droo haiwezi kuwa udhuru.

Ila tuwe waangalifu udhuru huo usigeuke kuwa mlango wazi. Dozi moja ya kabla ya rufaa si sawa na dozi ya siku tano bila rufaa, wala si sawa na kapsuli sita zinazouzwa dirishani kwa sababu mnunuzi ana fedha ya kapsuli sita. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzishwa Ruvuma mwaka 2003 na kuenea nchi nzima, yalikuja kuwaokoa watu na maduka ya dawa yasiyo na ujuzi, na yamewafaa sana wanaoishi mbali na hospitali. Muuzaji wake naye ameshika amana. Akimwona mtoto anayebanwa na pumzi, hata kama mzazi ameweka noti juu ya kaunta, kitu kimoja tu cha haki cha kumuuzia ni maneno haya: mpeleke sasa hivi.

Pingamizi la tatu lina hasira ndani yake, na hasira hiyo ni ya haki. Kwa nini mama mwenye mtoto mgonjwa ndiye aambiwe ajizuie, wakati antibaiotiki zinamiminwa kwenye maji ya kuku wa biashara, na ng'ombe wanachomwa oksitetrasaiklini bila hesabu? Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 juu ya wafugaji wa Kimasai, Kiarusha na Kichaga kaskazini mwa nchi yetu ulionyesha wafugaji, hasa Wamasai, wakiwatibu mifugo wao wenyewe kwa dawa za madukani, mbali na daktari wa mifugo. Na nchi tajiri zilitumia dawa hizi ovyo kwa miongo mingi kabla hazijaanza kutuhubiria. Yote ni kweli. Hata hivyo dhulma ya wengine haifanyi dawa ya bakteria iue virusi. Inachofanya ni kutuonyesha mzigo ni wa nani. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliuhesabu utabibu kuwa fardhi kifaya, wajibu wa umma mzima, ambao wakiutimiza baadhi wengine husamehewa, na ukiachwa kabisa wote huwa na hatia. Kuutunza uwezo wa dawa naona unaingia katika fungu hilo. Hauwezi kutimizwa na mama mmoja usiku wa manane, na ni ukatili kuupanga kana kwamba yeye ndiye mlinzi wa mwisho wa amana ya dunia. Unamhusu mfugaji na muuza dawa za mifugo, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, halmashauri inayonunua kipima oksijeni au isiyonunua, na shule ya uuguzi. Mpango wa kwanza wa taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa ulianza mwaka 2017, na wa pili mwaka 2023. Mipango hii ikiishia kwenye mabango ya kumwonya mzazi, itakuwa imemtwika aliye dhaifu kuliko wote.

Lipo jingine, linalosemwa kwa sauti ya chini misibani: uhai na mauti vi mikononi mwa Mungu, dawa ni sababu tu. Naliamini hilo. Lakini silioni kama jibu la swali letu, kwa sababu linatumiwa na pande zote mbili. Aliyetoa dawa ovyo husema Mungu ndiye mponyaji, na aliyenyima kisha akalala husema Mungu amempenda zaidi. Imani ya namna hiyo inakuja baada ya tendo ili kulifunika. Imani ninayoijua mimi huja kabla ya tendo na humzuia mtu kudanganya. Kumpa mama dawa unayojua haitamsaidia mwanawe, na kumwacha aamini itamsaidia, ni uongo, hata kama nia ni kumfariji. Faraja ya kweli inawezekana na haigharimu zaidi: kumwambia huu ni uvimbe wa koo wa virusi, hii ndiyo dawa ya uvimbe, hizi ndizo dalili za hatari, na msiondoke hadi nimwone tena.

Kwa hiyo maombi yangu hayaelekezwi kwanza kwa wazazi. Nayapeleka kwa walio na majengo. Mashirika ya dini ndiyo yanayomiliki sehemu kubwa ya tiba inayotolewa kuuzunguka mlima huu, Selian kule Ngaramtoni na Nkoaranga kwa Wameru zikiwa miongoni mwake, na misikiti na parokia nyingi zina fedha za sadaka. Kila kituo kinachowafundisha matabibu wake kupunguza antibaiotiki kiwe na deksamethazoni ambayo haiishi, kipima oksijeni chenye betri, mtungi wa oksijeni uliojaa, na benchi la ndani lenye blanketi ambapo mama anaweza kukaa na mtoto wake hadi kupambazuke bila kudaiwa fedha ya kitanda. Deksamethazoni ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa kwenye kabati la hospitali. Kituo kisichoweza kutoa hayo kiwe na namba ya gari la wagonjwa inayopokelewa usiku.

Na kwa wazazi nina neno moja. Wawili kati ya wale ndugu wa kutisha wa krupu, uvimbe wa kifuniko cha koo unaoletwa na bakteria wa Hib na dondakoo, wana chanjo. Huko Kilifi, Kenya, chanjo ya Hib ilipoanza kutolewa mwaka 2001, ugonjwa wa bakteria hao kwa watoto wa chini ya miaka mitano ulipungua kwa asilimia 88 ndani ya miaka michache. Tanzania iliiingiza mwaka 2009 ndani ya sindano ileile inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda na homa ya ini. Mtoto aliyeipata sawasawa anapoamka usiku akibweka, tabibu ana sababu nzuri zaidi ya kuamini kwamba ni virusi na kumwachia antibaiotiki kabatini. Sindano hiyo hutolewa bure katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 tangu kuzaliwa. Angalieni kadi ya kliniki ya mtoto wenu leo, na kama kuna nafasi iliyobaki wazi, mpelekeni kesho asubuhi.